Siku ya Kumwita Mzazi Shuleni

Walimu wenzangu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Nianze na herufi moja: F.

Nimekuwa mwalimu wa darasa miaka mingi katika sekondari ya kata huku kusini, kwenye korosho. Mwaka mmoja, tukifunga muhula, nilimkabidhi mwanafunzi wa Kidato cha Pili ripoti ampelekee mama yake. Baada ya miezi kadhaa mama akapita shuleni kwa shughuli nyingine, tukasalimiana, akanishukuru kwa moyo wote. Mwanawe alikuwa na F tano. Nilipomdadisi, akaniambia alivyoelezwa nyumbani: F ni "faulu".

Mtoto alidanganya, ndiyo. Lakini ripoti ile ilikuwa ya Kiingereza tangu juu hadi chini, na sahihi iliyokuwapo ni yangu. Mama yule Kiswahili anakisoma vizuri. Karatasi za chama cha msingi cha wakulima anazisoma mwenyewe. Sisi tulimpa asichoweza kukisoma, tukamfanya mtoto mkalimani wa kesi yake mwenyewe. Tangu siku ile naamini ripoti haijafika mpaka mwalimu na mzazi wamekaa wakaisoma pamoja.

Mtaniambia vikao vya wazazi tunavyo. Tunavyo, na ajenda tunazijua: chakula cha mchana, madawati, posho ya mlinzi, kisha jua likiwa limeshakuwa kali, mwalimu wa taaluma anasoma wastani wa shule. Mzazi anaondoka akijua shule imepanda au imeshuka. Mwanawe amekwama wapi, hajui. Tukimwita peke yake, tumemwita kwa kosa. Kijijini kwetu mzazi akiitwa shule, jirani anauliza, "Kafanya nini?" Ndiyo maana wengine wanamtuma mjomba.

Zamani mzazi alifika angalau kulipa ada. Ada ya sekondari hadi Kidato cha Nne ilifutwa mwaka 2016, jambo ninalolishukuru sana, lakini sababu ile ya kufika ikaondoka nayo, nasi hatukuweka nyingine.

Ninachowaomba ni kikao cha watu watatu: mwalimu, mzazi au mlezi, na mwanafunzi mwenyewe. Robo saa, madaftari yakiwa mezani. Darasa la wanafunzi 60 kwa mwalimu mmoja ni saa 15, hakuna anayeziweza. Walimu 6 wakigawana, kila mmoja ana wanafunzi 10, saa mbili na nusu, Jumamosi moja imekwisha. Msiiweke Oktoba wala Novemba, watu wako chini ya mikorosho. Iwekeni Julai, shule zikifunguliwa, ripoti ya Juni ikiwa bado mbichi. Salfa, dawa ya mikorosho, inapulizwa alfajiri. Saa nne asubuhi wazazi wanapatikana.

Sasa jinsi ya kuongea, maana hapa ndipo tunapoharibu. Usianze na alama. Anza kwa kuuliza, kisha nyamaza usikilize. Kijana mmoja tulimwandikia "mvivu, anasinzia darasani" mihula miwili mfululizo. Bibi yake alipoulizwa jioni za mjukuu zinakwendaje, akasema kijana anauza samaki wa kukaanga stendi mpaka saa nne usiku, na ndiyo kazi inayowalisha. Lile neno "mvivu" lilinichoma. Samaki hatukuweza kuwaondoa. Tulikubaliana afanye kazi zake za nyumbani shuleni kabla ya kuondoka, na bibi akamwachia Jumapili nzima.

Halafu mtoto aseme. Kwa desturi yetu hafungui kinywa mbele ya wakubwa mpaka aruhusiwe, kwa hiyo mruhusu waziwazi: "Mwonyeshe bibi ukurasa unaoupenda, kisha ule uliokushinda." Mimi nimeshaona baba akilishika daftari la mwanawe kwa mara ya kwanza, akilipitisha kidole taratibu, mstari kwa mstari. Msimharakishe mtu wa namna hiyo hata kama foleni ni ndefu.

Ripoti ifunguliwe baada ya hapo, kwa Kiswahili: A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo ni F, na F maana yake hakufaulu. Habari za mtoto kuwa wa 51 kati ya 60 zisisikike hadi kwenye benchi la wanaosubiri.

Mkimaliza, kila mmoja wa wale watatu ataje jambo moja atakalofanya, liandikwe nyuma ya daftari. Baada ya mwezi, mwalimu apige simu. Kundi la WhatsApp halimfikii bibi mwenye simu ya batani. Mpigieni, na mpigieni hata siku ambayo mtoto amefanya vizuri.

Sasa naomba tukae watatu watatu: mmoja mwalimu, mmoja bibi, mmoja mwanafunzi. Ripoti niliyowagawia ni ile ya F tano, jina nimelifuta. Bibi hasomi Kiingereza. Mna robo saa.