Sauti ya Ikulu: Kumbukumbu za Joseon Mikononi mwa Mtafiti wa Leo

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu na wanafunzi,

Mwaka 1404 Mfalme Taejong wa Joseon, ufalme wa zamani wa Korea, alikwenda kuwinda, na alipokuwa akimlenga paa kwa mshale farasi wake alianguka, naye akaanguka pamoja naye. Hakuumia. Aliangaza huku na huku, akasema mwandishi wa kumbukumbu asijue. Mwandishi alijua, na akaandika hata hilo katazo.

Kumbukumbu hizo, Sillok, zinahusu wafalme 25 na miaka 472. Uandishi wake ulilindwa kwa ukali ambao majarida mengi ya kitaaluma ya leo hayajaufikia: kitabu cha mfalme kilitungwa baada ya kufariki kwake, rasimu zikaoshwa kwa maji, na aliyemrithi hakuruhusiwa kukisoma. Hata Mfalme Sejong, mwana wa Taejong, pamoja na sifa zake zote, alitaka kusoma habari za baba yake, mawaziri wakamzuia. Vita vya uvamizi wa Wajapani vya 1592 viliteketeza nakala katika maghala matatu kati ya manne; ya mji wa Jeonju ilisalimika kwa kuwa wasomi wawili, An Ui na Son Hong-rok, waliihamishia katika mlima Naejang.

Tafsiri ya Kikorea cha kisasa ilikamilika Korea Kusini mwaka 1993, na sasa matini yote husomwa bure mtandaoni, maandishi asilia ya Kichina cha kale na tafsiri yake sambamba. Ni neema kubwa, lakini imezaa makala mepesi. Mtafiti huandika neno moja katika kisanduku cha kutafutia, huvuna mistari ilikotajwa, kisha huiita mavuno hayo jamii ya Joseon, ilhali anayesema humo ni ikulu. Utasoma kwamba mwaka 1426 Sejong aliwapa wajakazi wa serikali siku 100 za mapumziko baada ya kujifungua. Mjakazi mwenyewe humsikii.

Kwa maisha yake inabidi kwenda kwenye daftari za kaya, kama zile za wilaya ya Danseong, zilizoandikwa upya kila baada ya miaka mitatu zikitaja umri, hadhi na ukoo wa watu. Nazo zina hila zake, maana ziliandaliwa kwa ajili ya kodi na utumishi, na watu walijua kujificha. Wanahistoria wa Korea wamebishana sana kuhusu hila hizo, aghalabu kwa Kikorea, katika majarida ambayo waandishi wa Kiingereza huyanukuu kwa nadra. Ninapopewa makala niyahakiki, huanzia kwenye marejeo: yakikosa kazi hata moja ya Kikorea, huyarudisha kwa mhariri kabla ya kufika ukurasa wa pili.