Warudi au Wabaki: Bunge, Vyama na Wanajeshi Wetu Somalia

Wazee wetu, walimu, ndugu zangu wanafunzi, asanteni kwa kunikaribisha. Niliombwa nizungumzie nafasi ya Bunge wakati wa vita. Nitashika vita vimoja tu, vya Kenya nchini Somalia, na ndani yake swali moja: mbona tumebishana miaka mingi hivi kuhusu kuwarudisha wanajeshi nyumbani, na wananchi hawajapata hata mara moja kuwekewa mezani hesabu ya kuwasaidia kuamua?

Turudi Oktoba 2011. Watalii walikuwa wametekwa Kiwayuu na Manda, kisha wafanyakazi wawili wa misaada, raia wa Uhispania, wakachukuliwa Dadaab. Katikati ya mwezi huo magari ya kivita yakavuka mpaka. Operesheni ikaitwa Linda Nchi, na mvua za vuli zikayakwamisha magari topeni. Katiba yetu mpya ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na kidogo. Kifungu cha 240 kinasema Baraza la Usalama wa Taifa laweza kupeleka majeshi nje ya nchi kwa idhini ya Bunge. Serikali ikashika Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, haki ya kujilinda. Bunge likaja kuulizwa Desemba, ilipotakiwa wanajeshi hao wajiunge na AMISOM, ujumbe wa Umoja wa Afrika. Wakati huo vijana wetu walikuwa wamekwisha kuwa kule kwa wiki kadhaa, chini ya risasi. Mbunge gani angesimama siku hiyo akasema hapana, na aonekane amewapa mgongo?

Na tukumbuke nani alikuwa serikalini. Ilikuwa serikali ya nusu mkate, ya wapinzani waliogawana madaraka. Mwai Kibaki alikuwa Rais, Raila Odinga Waziri Mkuu, Uhuru Kenyatta Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Fedha. Novemba ile ile Raila alisafiri hadi Israel kutafuta msaada wa kupambana na Al-Shabaab, kundi la wapiganaji la Somalia. Vita havikuwa vya ODM, chama cha Raila, wala vya upande wa pili. Vilikuwa vya wote waliokaa katika baraza lile la mawaziri.

Uchaguzi wa 2013 ukawatenganisha. Septemba mwaka huo Westgate, jengo la maduka jijini Nairobi, ikashambuliwa, wakafa watu 67. Juni 2014 ikawa zamu ya Mpeketoni, kule Lamu. Mrengo wa CORD, upinzani ulioongozwa na Raila, ukadai wanajeshi waondoke Somalia. Jubilee, mrengo wa Uhuru aliyekuwa sasa Rais, ikajibu kwamba kuondoka ni kuwazawadia magaidi. Tangu hapo ukitaka kujua mtu ana maoni gani kuhusu Somalia, uliza tu alimpigia nani kura. Hata Aprili 2015, watu 148 walipouawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi kama nyinyi, mabishano yalianza kabla wazazi hawajamaliza kutambua maiti. Hilo liliniuma, na linaniuma bado.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Kismayu ilichukuliwa mwaka 2012, na Al-Shabaab wakapoteza bandari iliyokuwa ikiwapa ushuru mwingi. Serikali ilikuwa na haki ya kulisema hilo. Upinzani nao ulikuwa na haki ya kuuliza: kama tulikwenda kuzuia mashambulizi, mbona yameongezeka? Lakini waliouliza swali hilo hawakueleza vya kutosha jinsi wao wenyewe walivyoshiriki kutuma jeshi, na waliolijibu walilichukua kama tusi kwa askari. Swali la namna hiyo ni la kutolewa ushahidi, si la kupigiwa kelele jukwaani.

Ushahidi wenyewe ndio uliofichwa. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yetu ya El Adde, jimbo la Gedo, ilivamiwa alfajiri. Yalikuwa mauaji makubwa kuliko yote yaliyowahi kulipata jeshi letu. Serikali ilikataa kutaja idadi ya waliokufa. Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alisema kwenye televisheni kwamba waliuawa karibu 200. Kenya ikakanusha, na kwa kukanusha huko haikutoa idadi yake. Ibada ya kumbukumbu ilifanyika Eldoret, marais wakahudhuria, hotuba zikatolewa. Mama aliyezikiwa mwanawe hakuambiwa ni mama wangapi wenzake waliozikiwa. Nasema bila kuuma maneno: nchi inayoficha idadi ya wafu wake haiwezi kujadili kama vita vinafaa au havifai. Mtapimaje gharama msiyoijua?

Fedha nazo zilipitiwa juu juu. Posho ya askari wa AMISOM ilikuwa dola 1,028 kwa mwezi, nyingi zikitoka Umoja wa Ulaya, na mwaka 2016 Ulaya ikapunguza mchango huo kwa asilimia 20. Tangu Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepiga marufuku makaa ya Somalia, lakini wachunguzi wa Umoja huo waliripoti kwamba makaa yaliendelea kusafirishwa kutoka Kismayu baada ya majeshi yetu kuingia. Jeshi lilikanusha kuhusika. Lilikuwa jambo la kuwaita wakubwa mbele ya kamati, waapishwe, waulizwe, na majibu yachapishwe.

Na kuna watu ambao hawakuwa na chama katika ubishi huu. Wavuvi wa Lamu, Wabajuni wa Faza na Kiunga, walikatazwa kuvua usiku kwa miaka kadhaa kwa sababu ya usalama. Jarife, wavu wao, hutegwa usiku. Ukimkataza mtu huyo bahari ya usiku umemkataza chakula. Vita vilimfikia kwenye sufuria, na sijasikia mrengo wowote uliomfanya yeye kuwa hoja yake ya kwanza.

Mwaka 2017 Raila aliahidi kwamba akishinda atawarudisha wanajeshi. Hakushinda. Machi 2018 yeye na Rais Kenyatta wakapeana mkono mbele ya Harambee House, ofisi ya Rais, na lile dai likafifia. Kule Gedo na Juba ya Chini hakuna kilichobadilika wiki hiyo. Askari walikuwa kwenye mahandaki yale yale. Kilichobadilika kilikuwa Nairobi. AMISOM ikaja kuitwa ATMIS mwaka 2022, ATMIS ikawa AUSSOM Januari 2025, na Wakenya wakabaki Somalia.

Msimamo wangu ni huu: waondoke kwa awamu, kwa tarehe zinazotangazwa, kila kambi ikikabidhiwa jeshi la Somalia lililo tayari. Na ruhusa ya kubaki iwe ya mwaka mmoja mmoja, ipigiwe kura Bungeni baada ya Waziri wa Ulinzi kutaja waliokufa, waliojeruhiwa na fidia iliyolipwa. Anayetaka wabaki aitetee kura yake kwa hesabu hizo, na anayetaka warudi vivyo hivyo.

Najua humu ukumbini wamo wenye jamaa waliohudumu kule. Tukianza maswali, naomba wao wapewe kipaza sauti kwanza.