Namba Tatu Si Katikati: Kuisoma Taarifa ya Maporomoko ya Theluji Kabla ya Kuvaa Skii

TATU: Msikilizaji, hujambo popote ulipo. Ni Tatu hapa, niko Zürich, Uswisi, na kaka yangu Eli yuko Davos, milimani. Kaka Eli, kumekuchaje huko?

ELI: Kumekucha kweupe, dada Tatu. Theluji imemwagika usiku kucha, na upepo ndiyo usiseme. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshafika kazini kwenye lifti ya kupandisha watu mlimani, nikasikia milipuko kule juu. Watu wa usalama wanalipua baruti ili theluji iliyokaa vibaya ishuke kabla abiria wa kwanza hajapanda.

TATU: Tuanzie hapo hapo. Kuna wanaosikia "taarifa ya maporomoko" wakadhani inamhusu kila aliyevaa skii.

ELI: Inamhusu zaidi anayevuka kamba ya mpaka wa njia. Ukiteleza kwenye njia zilizoshindiliwa na mashine, zenye alama, kuna watu wameamka alfajiri kwa ajili yako. Ukivuka kamba, hakuna aliyekulipulia mlima. Ni wewe, wenzako, na kile ulichosoma.

TATU: Sasa niwaambie wasikilizaji kilicholeta kipindi hiki. Jumamosi wauguzi wenzangu wanne wanataka kwenda nje ya kamba, na wamenialika. Mimi huu ni msimu wangu wa tatu tu wa skii. Nikafungua taarifa kwenye simu, nikakuta namba 3. Nikasema moyoni, tatu kati ya tano, ni katikati, twende zetu. Nikamtumia kaka Eli ujumbe, akanijibu maneno matatu: "Usiende kabla hatujaongea."

ELI: Kwa sababu hiyo "tatu ni katikati" naisikia kila msimu, kwa miaka tisa sasa. Naisikia kwenye foleni ya lifti, vijana wanacheka, mabegi mgongoni, na roho inanidunda. Ngazi ni tano, Ulaya nzima inazitumia tangu 1993. Moja ni hatari ndogo, mbili ya wastani, nne kubwa, tano kubwa sana. Ile ya tatu kwa Kijerumani wanaiita erheblich, na neno hilo halina ukatikati wowote. Maana yake ni kitu kizito, kitu cha kuhesabika. Halafu ngazi hizi hazipandi kwa kujumlisha kama ngazi za nyumba. Zinapanda kwa kuzidisha. Kutoka mbili kwenda tatu umeruka mbali sana.

TATU: Na vifo?

ELI: Taasisi ya theluji ya hapa Davos, SLF, ndiyo inayotoa taarifa ya Uswisi nzima. Hesabu zao zinaonyesha namba 3 hutangazwa karibu theluthi moja ya siku za msimu, lakini karibu nusu ya wanaokufa wanakufa siku hizo.

TATU: Kuliko siku za nne na tano?

ELI: Kuliko siku za nne na tano. Siku ya tano watu wako ndani, barabara zimefungwa, huoni hata mlima. Siku ya tatu mara nyingi dhoruba imepita. Jua linawaka, anga buluu, theluji mpya haijaguswa, lifti zote zinazunguka. Kila kitu kinakuita. Mlima wenyewe haujatulia bado, ila kwa macho huoni.

TATU: Hapo nimepata baridi ya mgongo, maana utabiri wa Jumamosi ni jua.

ELI: Ndiyo maana nikaandika vile.

TATU: Sasa tuseme mtu ameona namba. Anasoma nini kingine?

ELI: Maandishi yaliyo chini yake, dada. Taarifa inatoka mara mbili kwa siku wakati wa baridi: saa kumi na moja jioni, na tena saa mbili asubuhi. Ya jioni ndiyo ya kupangia safari, ya asubuhi ndiyo ya kuihakiki. Ndani yake kuna vitu vitatu ambavyo namba haikuambii: kutoka kimo gani kwenda juu, mteremko unaotazama upande gani, na tatizo lenyewe ni nini. Ni theluji mpya, au iliyobebwa na upepo, au tabaka dhaifu la zamani, au theluji iliyolowa, au theluji yote inayoteleza juu ya majani. Mambo matano, na kila moja lina tabia yake. Mimi nilikuwa siyasomi. Acha nisimulie.

TATU: Simulia, kaka.

ELI: Ilikuwa Januari, msimu wangu wa nne huku. Tulikuwa watatu. Taarifa ilikuwa 3, na maandishi yalisema kwamba juu ya mita 2,200, kuanzia pande za magharibi kupitia kaskazini hadi mashariki, kuna tabaka dhaifu ndani ya theluji ya zamani, na mtu mmoja anatosha kuliamsha. Nilikuja kuyasoma jioni, nimekwisha rudi. Asubuhi niliangalia namba tu. Basi tunatembea, tena mahali tambarare kabisa, chini ya mteremko mkubwa. Nikaweka mguu wa kushoto mbele, nikasikia "vumm".

TATU: Kama mlipuko?

ELI: Hapana, ni sauti nzito ya chini kwa chini, kama gunia la mahindi limedondoshwa chumba cha pili. Miguu iliisikia kabla ya masikio. Theluji yote tuliyosimama juu yake ikashuka kidogo, kama upana wa kidole. Halafu ufa ukatoka kwenye ncha za skii zangu, mwembamba kama uzi, ukakimbia kuelekea ule mteremko, ukapanda, ukapanda, ukakoma. Tulisimama pale, hakuna aliyetoa neno. Mteremko haukushuka. Ungeshuka, ungetukuta sote watatu chini yake.

TATU: Subhanallah. Na mlikuwa kwenye tambarare.

ELI: Tambarare. Hilo watu wengi hawalijui. Maporomoko haya ya bamba, yaani tabaka la theluji iliyoshikana, huanzia kwenye mteremko wa nyuzi 30 au zaidi, lakini unaweza kuyaamsha kutoka chini, kutoka pembeni, hata ukiwa mbali. Tabaka likivunjika, linavunjika kama mstari wa dhumna uliosimamishwa. Tukageuka, tukarudi kwenye nyayo zetu zile zile. Tulipofika kwenye mgongo wa mlima, mahali salama, mwenzetu mkubwa kuliko sisi akatoa beleshi, akachimba shimo hadi kifuani, akasema, njooni muone mlichokanyaga.

TATU: Mkaona nini?

ELI: Ukuta wa shimo ni kama keki iliyokatwa. Juu, theluji laini, mkono unaingia mzima. Chini yake, kama nusu mita, theluji ngumu iliyoshikana, ngumi haiingii, unaingiza kidole kwa nguvu. Hilo ndilo bamba. Chini ya bamba akaweka kiganja, akakwangua kidogo tu, na ikamwagika. Chembe kubwa zinazong'aa, kama sukari ya dukani. Akanipa nifinyange. Haifinyangiki, inapita katikati ya vidole. Nyumba yote ile ya theluji ilikuwa imekalia sukari.

TATU: Lakini theluji inageukaje sukari? Ilishuka theluji ya kawaida.

ELI: Ni baridi na uchache. Mwanzo wa msimu theluji inaanguka kidogo, halafu zinakuja wiki za usiku mkavu, nyota tupu. Ardhi chini ina joto lake, inakaribia nyuzi sifuri, na juu ni baridi kali. Theluji ni nyembamba, kwa hiyo tofauti hiyo ya joto imebanwa mahali padogo. Mvuke unapanda kutoka chini, unaganda upya njiani, chembe zinakua na kupoteza mshikamano. Upande wa kaskazini, usiopata jua, zinakaa hivyo kwa wiki, wakati mwingine miezi. Kisha dhoruba inakuja na kulaza bamba juu. Ni kama umelaza mlango juu ya gololi, ukauinamisha.

TATU: Na mimi ndiye ninayekuja kusimama juu ya mlango.

ELI: Ndiye wewe. Kwa watu wa skii, takriban mara tisa kati ya kumi, poromoko limeamshwa na aliyekumbwa mwenyewe au mtu wa kundi lake. Mlima hauwavizii watu. Ni uzito wetu. Na sehemu mbaya zaidi ni pale bamba lilipo jembamba, kwa sababu uzito wako unafika hadi kwenye sukari. Watu kumi wanaweza kupita mahali bamba ni nene, wa kumi na moja akasogea kando kidogo, likaondoka. Kwa hiyo nyayo za wenzako si ushahidi wa chochote.

TATU: Niulize kuhusu upepo. Taarifa nyingi zinautaja, na mimi nilikuwa naona upepo unaondoa theluji, si afadhali?

ELI: Wewe mtoto wa nahodha unaniuliza mimi wa Moshi habari za upepo?

TATU: Haya, nijaribu. Baba alikuwa akisema upande wa joshi ndiko upepo unakopiga, demani ndiko kulikotulia.

ELI: Ndiyo hiyo hiyo. Mgongo wa mlima ni jahazi. Joshini theluji inafagiwa hadi mawe yanaonekana. Inavushwa juu ya mgongo, na ikifika demani upepo unapungua nguvu, inadondoka pale. Njiani chembe zimegonganagongana zikavunjika vipande vidogo, na vikitua vinashikana upesi. Ndivyo bamba linavyotengenezwa. Bila hata theluji mpya kuanguka, upepo wa siku moja unaweza kujaza demani theluji ya kumeza mtu. Na ni huko demani kunakoonekana kuzuri, kulainika, kunakomvuta mtu wa skii.

TATU: Kwa hiyo nikijua upepo ulitoka magharibi, miteremko ya mashariki ndiyo naiogopa.

ELI: Umesoma taarifa tayari.

TATU: Sasa niseme la upande wangu wa uuguzi, kwa sababu wengi wanafikiri aliyefukiwa anakufa kwa baridi. Baridi inachukua muda. Kwanza ni pumzi. Theluji ya poromoko ikisimama inakaza kama zege, huwezi kusogeza hata kidole. Unavuta tena hewa uliyoitoa mwenyewe. Mwaka 2024 ulitoka utafiti wa data za Uswisi za miaka mingi: katika dakika 10 za kwanza zaidi ya asilimia 90 ya waliofukiwa wanatoka hai. Baada ya hapo inaporomoka, na kufikia nusu saa waliosalia ni karibu theluthi moja tu. Dakika 10, kaka Eli. Mimi kazini dakika 10 naziona zinavyokwisha kumtafutia mgonjwa mshipa.

ELI: Na helikopta haifiki kwa dakika 10. Piga 1414, ndiyo, piga mapema, lakini atakayemtoa mwenzako ni wewe. Kwa hiyo vitu vitatu kwa kila mtu, bila kuazimana: kile kifaa cha mawimbi cha kuvaa mwilini, ufito mrefu wa kuchomea theluji, na beleshi la chuma. Ukiwa na kifaa bila beleshi, utajua alipo halafu utachimba kwa mikono kwenye zege. Na mjaribu vifaa pale pale kwenye maegesho, mmoja baada ya mwingine, kabla ya hatua ya kwanza.

TATU: Hii taarifa imeanza lini? Maana watu wa milima hii walikuwepo kabla ya simu.

ELI: Hapa juu yetu, Weissfluhjoch, kuna kiwanja kwenye mita kama 2,540 ambako wanapima theluji kila siku ya msimu tangu 1936. Taasisi ikaanza kutoa taarifa yenyewe mwaka 1945. Miaka hiyo hofu kubwa ilikuwa vijiji na reli. Msimu wa 1950 na 1951 watu 98 walikufa Uswisi, wengi majumbani mwao. Baadaye wakajenga kuta za chuma kwenye miteremko na kuchora ramani za mahali pa kutojenga. Siku hizi anayefukiwa mara nyingi ni mtu aliyekwenda mwenyewe, siku ya mapumziko, kwa furaha.

TATU: Kuna kitu uliniambia zamani kuhusu Kibo, kikafanana na hii.

ELI: Ile ya kuamka usiku. Nilipokuwa mgumu, mbeba mizigo wa wapandaji, Kilimanjaro, ukipanda kupitia Western Breach lazima uwahi, kwa sababu baridi ya usiku ndiyo inayoshikilia mawe. Jua likipiga, barafu inalegea, mawe yanaanza kushuka. Huku majira ya kuchipua ni hivyo hivyo. Usiku theluji inaganda inashikana, asubuhi unapita salama, mchana inalowa na kuwa nzito. Kwa hiyo Aprili kwenye taarifa mara nyingi kuna namba mbili, ya asubuhi na ya mchana. Ukichelewa kifungua kinywa umekwenda kwenye mlima mwingine.

TATU: Haya. Jumamosi yangu.

ELI: Wenzako wanataka kupita wapi?

TATU: Wamenitumia ramani. Kuna mteremko mmoja mkubwa, unatazama kaskazini mashariki, unaanzia kama mita 2,500. Kwenye ramani ile ya rangi za mwinuko ni zaidi ya nyuzi 35.

ELI: Na taarifa ya leo jioni inasemaje? Soma neno kwa neno.

TATU: "Juu ya mita 2,200, pande za kaskazini magharibi kupitia kaskazini hadi kusini mashariki." Na tatizo ni theluji ya upepo, halafu tabaka la zamani. Kaka, ni pale pale. Mteremko wetu umo ndani yake.

ELI: Umo.

TATU: Nitawaandikia leo hii. Lakini nitawaambia nini? Wamenunua tiketi za treni, na mimi ndiye mgeni wa kundi.

ELI: Wasomee maandishi hayo hayo uliyonisomea. Usiongeze kitu. Halafu wape njia nyingine. Ukigeuza ramani, upande wa pili kuna msitu na miteremko ya chini ya nyuzi 30, na juu yake hakuna kitu kikubwa kinachoning'inia. Mtateleza siku nzima. Theluji ni ile ile.

TATU: Na wakikataa?

ELI: Hapo utabaki kwenye njia zenye alama, na mimi nitakuwa kwenye lifti yangu, nitakupa chai. Ila jambo moja. Jumamosi saa mbili asubuhi taarifa mpya ikitoka, nipigie kabla hujavaa viatu.

TATU: Nitakupigia.

ELI: Na uanze na maandishi. Namba unitajie mwisho.