Kipindi cha 41: Shangazi Hapumui

BAKARI: Haya, inarekodi?

NEEMA: Inarekodi. Habari za wiki, wasikilizaji. Mkisikia kuku nyuma yangu msishangae, leo hatupo kule kwetu. Tupo sebuleni kwa mama yake Bakari, na tumeruhusiwa kukaa mpaka saa tatu kamili, maana saa tatu kuna tamthilia.

MAMA (kwa mbali): Saa tatu kasoro tano!

NEEMA: Kasoro tano. Shikamoo, mama.

MAMA: Marahaba, mwanangu. Mwambie huyo mwenzio awaeleze watu alichotufanyia.

BAKARI: Mama, si ndiyo naanza.

NEEMA: Hapa mkononi nina karatasi yenye mambo matano: jinsi ya kupandisha Debian, ule mfumo endeshi wa kompyuta, toka toleo moja hadi jingine bila kulia. Nimeyaandika kwa kalamu nyekundu. Tutayafikia.

BAKARI: Tutayafikia. Sasa, Shangazi mnamjua.

NEEMA: Wa zamani wanamjua. Aliyejiunga leo je?

BAKARI: Shangazi ni seva ya mteja wangu mmoja, duka la dawa za jumla. Kompyuta ya mezani ya kizamani, iko chini ya kaunta, juu yake wanaweka chupa ya chai. Stoo yote imo mle, madeni yote yamo mle. Nikamwita Shangazi kwa sababu kakaa kona, hasemi, lakini anajua nani anadaiwa na nani.

NEEMA: Mimi za kwangu naziita seva01, seva02. Hazijawahi kuniletea matatizo ya kifamilia.

BAKARI: Debian wenyewe wanaita matoleo yao kwa wahusika wa ile filamu ya katuni, Toy Story, tangu 1996! Bullseye ni farasi, Trixie ni yule mnyama wa pembe tatu. Na Sid, yule mtoto anayevunja midoli ya watu, wakampa tawi lisilotulia, lile ambalo kila siku kuna kitu kimevunjika. Jina linasaidia kukumbuka.

NEEMA: Endelea na msiba.

BAKARI: Ijumaa usiku...

NEEMA: Ijumaa.

BAKARI: Duka limefungwa, Neema, ningefanya lini? Shangazi yuko Debian 11, nataka afike 13, na huwezi kuruka, lazima upitie 12. Kwa hiyo nimebadilisha bullseye kuwa bookworm kwenye sources.list, faili linaloiambia mashine ichukue programu wapi, nikaanza na apt upgrade ya tahadhari (apt ndiye msakinishaji wa programu), ile ya --without-new-pkgs isiyoongeza pakeji mpya, halafu full-upgrade yenyewe. Niko nyumbani, nimeingia kwa mbali kwa SSH, niko ndani ya tmux, intaneti ikikatika kazi inaendelea kule. Kila kitu kwa adabu.

NEEMA: Mpaka hapo sina neno.

BAKARI: Pakeji zinashuka, zinafunguka, mimi nakula mihogo. Ikafika kwenye kerneli mpya, ule moyo wa mfumo, 6.1. Ikanyamaza. Kisha ikaandika: No space left on device. Nikapiga df -h, ya kuonyesha nafasi ya diski, nikatazama mstari wa diski kuu tu: gigabaiti tisini ziko wazi. Tisini! Nikasema hii mashine inanidanganya.

NEEMA: /boot.

BAKARI: /boot. Kerneli zinakaa humo. Patisheni, yaani kipande cha diski, ya peke yake, megabaiti 236, tangu enzi za Debian 9. Niliacha kisakinishi kinigawie diski, kikanigawia hivyo. Na ndani yake kerneli tatu za zamani, kila moja na initrd yake ya megabaiti hamsini na ushee. Ya nne ikakosa pa kukaa.

NEEMA: Waeleze initrd.

BAKARI: Ni kibegi cha safari. Kerneli ikiamka haijui hata diski iko wapi. Madereva ya kuisomea yamo kwenye kile kibegi. Kerneli bila kibegi inaamka, inapapasa gizani, inaanguka.

NEEMA: Na wewe ukafanya nini?

BAKARI: (anacheka) Nikapiga update-grub, ile inayoandaa menyu ya kuwashia mashine, GRUB. Nikaona imeandika Found linux image, 6.1, na mwishoni done. Nikafurahi. Sikuona kwamba za zamani zote zilikuwa na mistari miwili miwili, Found linux image halafu Found initrd image, na hii mpya ina mmoja tu. Kibegi hakipo. Nikaandika reboot.

NEEMA: Saa ngapi hiyo?

BAKARI: Saa tano usiku. Nasubiri dakika tano, kumi. Ping, ile ya kuuliza mashine kama iko hewani, kimya. Ndipo nikakupigia.

NEEMA: Wasikilizaji, hapa naomba nisimulie mimi, kwa sababu nilikuwa upande wa pili na sikujua kinachoendelea kwake. Simu inaita, napokea, Bakari hata salamu hana. Anasema: "Neema, Shangazi hapumui."

MAMA: Alisema hivyo hivyo! Nilikuwa hapa hapa!

NEEMA: Mimi nauliza, "Umempigia?" Maana yangu ping. Anasema, "Nimempigia mara ishirini hajibu." Nauliza shida ilikuwa nini, anasema, "Tumbo lilijaa." Nauliza, "Sasa?" Anasema, "Naenda alfajiri. Ikishindikana tunamzika, tunatafuta mwingine."

BAKARI: Mimi niko barazani! Nilidhani mama kalala.

MAMA: Ningelala vipi, wifi yangu anazikwa alfajiri na atatafutwa mwingine?

NEEMA: (anacheka) Mama, kweli ulipiga simu Korogwe kwa shangazi mwenyewe?

MAMA: Sikupiga. Simu ya wifi ilikuwa imezimwa, huwa anaizima usiku. Na hilo ndilo lililonithibitishia. Nikaandika kwenye grupu la ukoo.

BAKARI: Neema, kufikia saa saba usiku grupu lina Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun arobaini. Mweka hazina keshafungua orodha ya michango. Mjomba kaanza na elfu ishirini. Binamu yangu wa Arusha keshaulizia basi la alfajiri. Na mimi nimezima data, nimelala nguo mwilini, sijui lolote.

NEEMA: Na shangazi mwenyewe?

BAKARI: Shangazi kaamka kuswali alfajiri, kawasha simu, kaona grupu limejaa rambirambi. Hakusoma kuanzia juu. Kaandika "Poleni sana wanangu", kaahidi elfu kumi.

NEEMA: Kachangia msiba wake!

BAKARI: Kachangia, na kaituma! Ndipo akapanda juu kusoma marehemu ni nani.

NEEMA: Sina mbavu, jamani. Hizo elfu kumi zimerudi?

MAMA: Hazijarudi. Mweka hazina anasema zikishaingia zimeingia.

NEEMA: Haya. Tuna dakika ngapi? Tisa. Bakari, malizia upande wa mashine.

BAKARI: Saa kumi na mbili niko dukani. Nachomeka skrini, nakutana nayo: Kernel panic, Unable to mount root fs on unknown-block(0,0). Wanaoijua wanaijua, mara nyingi hizo sufuri mbili ni kibegi kimekosekana. Nikazima, nikawasha, kwenye GRUB nikaingia Advanced options, nikachagua 5.10. Shangazi akaamka. Nikapiga uname -r kujua nimekalia kerneli ipi, hiyo usiiguse. Nyingine mbili nikaziondoa kwa apt purge, siyo kwa rm, maana ukifuta faili kwa mkono dpkg, anayetunza kumbukumbu za pakeji, bado inaamini ziko. Halafu dpkg --configure -a, safari hii kibegi kikatengenezwa, apt -f install, update-grub, mistari miwili. Nusu saa. Ndipo nikawasha data.

NEEMA: Na sasa naomba niseme niliyokuwa nimeyabana tangu Ijumaa. Wewe hukupaswa kumpandisha mle mle alimo. Unachukua diski mpya, unasakinisha Debian 13 safi, unarudisha data, unahamisha mipangilio unayoitaka, unabadilisha diski Jumapili. Ile ya zamani inakaa kwenye droo. Ikiharibika, unairudisha, dakika tano.

BAKARI: Hapana. Debian sifa yake kubwa ndiyo hii, kupanda toleo kwa toleo bila kubomoa nyumba. Wana mwongozo mzima wa kila toleo. Mimi nilikosea kitu kimoja.

NEEMA: Kitu kimoja kilicholeta rambirambi arobaini.

BAKARI: Kitu kimoja! Na diski mpya yako haijui kwamba kuna printa ya risiti iliyowekwa na kijana aliyeacha kazi zamani, haijui kuna cron, kazi inayojiendesha, ya saa nane usiku inayopeleka mauzo kwa tajiri. Hakuna aliyeandika popote. Ukisakinisha upya utayagundua Jumatatu, foleni iko mlangoni.

NEEMA: Basi yaandike. Hiyo ndiyo kazi. Unapandisha mle mle, unarithi uchafu wote. Leo /boot yake ni ngapi?

BAKARI: 236.

NEEMA: Ukienda 13?

BAKARI: 236, lakini nitasafisha kwanza.

NEEMA: Na ukienda 14 utasafisha kwanza. Haya, swali jingine. PostgreSQL, hifadhidata yenye madeni. Debian 11 ilikuwa na PostgreSQL 13, Debian 12 ina 15. Kuipandisha Debian hakuhamishi data. Inakuwekea klasta, yaani ghala la data, mpya tupu, 15, kwenye poti 5433, ya zamani inabaki 5432, mpaka mwenyewe uidondoshe ile tupu na upige pg_upgradecluster. Ulipiga?

BAKARI: ...

NEEMA: Madeni ya duka yako wapi, Bakari?

BAKARI: Yako PostgreSQL 13. Yanafanya kazi.

NEEMA: Yanafanya kazi kwenye toleo ambalo Debian 12 haileti tena masasisho yake.

BAKARI: Nitahamisha wiki hii. Lakini hilo lingekuwepo hata kwenye diski yako mpya, ungehamisha tu.

NEEMA: Ningehamisha siku ya kwanza, kwa sababu ningelazimika. Kwako unaweza kusahau mwaka mzima.

BAKARI: Na wewe ungesahau printa.

NEEMA: Ningeiona haichapi!

BAKARI: Foleni ingeiona kwanza.

NEEMA: Sikubali.

BAKARI: Wala mimi. Na diski nani ananunua? Tajiri hata kitambaa cha kufutia vumbi hanunui.

NEEMA: Michango ipo. Mweka hazina kasema haitoki, mnunulieni Shangazi diski.

MAMA: Wazo zuri hilo.

BAKARI: Mama, usimsaidie.

MAMA: Saa tatu kasoro kumi na moja.

NEEMA: Jamani, mambo matano! Upesi. La kwanza: kabla ya yote, df -h /boot, na df -i pia, maana diski inaweza kuwa na nafasi lakini imeishiwa inodi, yaani nafasi za kusajili mafaili. La pili: ukiambiwa Could not get lock, lock-frontend, usifute lile faili la kufuli hata ukute watu wanashauri hivyo. Mara nyingi ni unattended-upgrades, ile inayosasisha mashine yenyewe, inafanya kazi yake, subiri.

BAKARI: Subiri kiasi gani? Mimi kuna mashine ilikaa saa mbili.

NEEMA: Uliangalia kwa ps ni mchakato gani?

BAKARI: Nilifuta kufuli.

NEEMA: Bakari!

BAKARI: Ilikuwa 2016! Ilipona.

NEEMA: Wasikilizaji, msimsikilize. La tatu ni ile non-free-firmware, kwamba kuanzia Debian 12 firmware, programu ndogo za kuendeshea vifaa, imetengewa sehemu yake, usipoiongeza kwenye sources.list kadi yako ya waya-bila...

BAKARI: Ya nini?

NEEMA: Ya waifai, nimechanganyikiwa, mama amesimama na rimoti.

MAMA: Kasoro sita.

BAKARI: La tatu, la nne na la tano wiki ijayo. Na yule wa Morogoro aliyeuliza habari za pip, kisakinishi cha Python, kukataa kusakinisha kwenye Debian 12, tunakujibu, tumia venv, mazingira yake ya pekee, maelezo wiki ijayo.

NEEMA: Wiki ijayo tunarekodi wapi?

MAMA: Siyo hapa.

BAKARI: Siyo hapa. Chomoa hiyo waya ya kulia, ya kushoto ni ya televisheni... ya kulia, Neema, ya kul