Pima densiti ya jiwe na ya mafuta

Karibuni tena. Leo tunapima densiti, yaani tungamo (gramu unazosoma kwenye mizani) ukigawanya kwa ujazo (nafasi ambayo kitu kinachukua). Andaa mizani, silinda ya kupimia ya mililita 100, uzi, maji, mafuta ya kupikia, na jiwe dogo linaloingia kwenye silinda bila kukwama.

Tuanze na jiwe. Liweke kwenye mizani likiwa kavu. Langu hili ni gramu 54. Andika sasa hivi, usiseme utakumbuka. Wengi hukimbilia maji kwanza, halafu jiwe linapanda mizani huku linachuruzika, na maji yale nayo yanahesabiwa kuwa jiwe.

Sasa mimina maji hadi mililita 50. Tazama hapa kwa karibu: uso wa maji haukunyooka. Umepanda pembeni, ukabonyea katikati. Soma pale chini kabisa pa mbonyeo, na uiname mpaka jicho lilingane nao. Ukichungulia kutoka juu, utasoma namba kubwa kuliko ilivyo.

Funga jiwe kwa uzi, lishushe polepole. Usiliachie lidondoke. Mimi nimeshatoboa kitako cha silinda hivyo, na meza nzima ikalowa. Ukiona viputo vimeng'ang'ania jiwe, tikisa uzi kidogo vitoke, kwa sababu hewa nayo inachukua nafasi.

Soma tena. Maji yamefika 70. Toa 50, unabaki na mililita 20, ambazo ni sawa na sentimita za ujazo 20. Gramu 54 gawanya kwa 20: densiti ni gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo.

Na kipande cha mbao kinachoelea? Kikandamize kwa ncha ya sindano mpaka kizame chote. Usitumie kidole, maana utapima na kidole. Bonge la chumvi lizamishe kwenye mafuta. Kwenye maji litayeyuka ukilitazama.

Tuje kwenye mafuta. Hapa kosa ni kusahau kupima chombo. Pima silinda ikiwa tupu na kavu kabisa: yangu ni gramu 112.4. Mimina mafuta katikati, yasiguse kuta za juu, kwa sababu tone lililoganda ukutani linaongeza uzito lakini halimo kwenye ujazo unaousoma. Mafuta ni mazito kutiririka, kwa hiyo subiri yatulie. Yakifika mililita 50, rudisha silinda kwenye mizani. Inasoma gramu 158.4. Toa 112.4, mafuta peke yake ni gramu 46. Gawanya kwa 50, unapata 0.92.

Densiti ya maji ni 1. Basi chukua maji kidogo, yamimine juu ya mafuta hayo hayo, usikoroge. Tazama yanavyopenya kama shanga, moja moja, yakienda kukaa chini.