Sydney au Reno? Ushindi Mkubwa Kuliko Wote wa Jack Johnson

Ndugu zangu wapenzi wa masumbwi, karibuni. Ukiwauliza watu wanaoijua historia ya uzito wa juu ni pambano lipi lilikuwa ushindi mkubwa kuliko yote wa Jack Johnson, wengi watakujibu Reno, Nevada, tarehe 4 Julai 1910, alipompiga James Jeffries. Mimi siko pamoja nao. Ushindi wake mkubwa aliupata Sydney, Australia, tarehe 26 Desemba 1908, dhidi ya Tommy Burns, na jioni hii nimekuja kuutetea.

Johnson alizaliwa Galveston, Texas, mwaka 1878, na wazazi wake wote wawili waliwahi kuwa watumwa. Mwaka 1903 alikuwa tayari bingwa wa uzito wa juu wa mabondia weusi. Taji hilo lilikuwepo kwa sababu moja tu: lile la dunia mtu mweusi hakupewa nafasi ya kuligombea. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Bingwa John L. Sullivan alitangaza kwamba hapigani na mtu mweusi, na waliomfuata wakaendelea hivyo hivyo. Huyo Jeffries mwenyewe alikuwa amepigana na weusi alipokuwa anapanda. Mwaka 1898 alimpiga Peter Jackson, bondia mkubwa aliyekuwa ameshachoka. Alipoupata ubingwa mwaka uliofuata, akaacha. Kisha mwaka 1905 akastaafu bila kupoteza hata pambano moja, akaenda kulima.

Kwa hiyo Johnson alikuwa na miaka mingi ya kuwapiga watu ambao hawakuwa na anachokitaka. Burns, Mkanada, alipoutwaa ubingwa mwaka 1906, Johnson akaanza kumwandama. Burns akaenda Uingereza, Johnson akamfuata Uingereza. Burns akaenda Australia, Johnson naye akapanda meli. Burns alisema atapigana akilipwa dola 30,000, fedha ambazo wakati ule hakuna aliyedhani zitapatikana. Promota wa Sydney, Hugh D. McIntosh, akazitafuta na akazipata. Johnson yeye aliahidiwa dola 5,000, akakubali. Hapo mnaona nani alikuwa na njaa ya pambano hili. Lakini Burns nampa heshima yake: wengi walikuwa na nafasi ya kukataa wakakataa, yeye alipanda ulingoni.

Sasa twende ulingoni. Ni uwanja wa wazi, Rushcutters Bay, umejaa watu wapatao 20,000, na karibu wote wanataka Burns ashinde. Mwamuzi ni McIntosh yule yule promota. Raundi ya kwanza haijakolea, Johnson anaachia konde la mkono wa kulia kutoka chini, linamkuta Burns kidevuni, Burns yuko sakafuni. Anainuka, na kuanzia hapo pambano ni la mtu mmoja. Angalieni kazi ya mikono ya Johnson. Burns akiingia ndani, Johnson anamshika juu ya kiwiko, kwenye msuli, mkono unakufa kabla haujarusha kitu. Konde likija, analidaka kwa kiganja cha glovu. Halafu anaongea. Anamfunulia Burns tumbo, anamwambia apige hapo, Burns anapiga, Johnson anacheka na kumrudishia. Matusi aliyokuwa akirushiwa yalikuwa ya rangi yake, na yeye alikuwa akiyajibu kwa tabasamu na ngumi.

Wapo wanaosema alimchezea Burns, kwamba angeweza kummaliza mapema akaamua kumtesa. Ni kweli kuna wakati Burns alikuwa anaanguka na Johnson akamshika asianguke. Mimi silisifu jambo hilo. Ila nikifikiria miaka ile yote ya kufungiwa nje, naelewa kwa nini hakutaka pambano liishe haraka.

Raundi ya 14 Burns akaangushwa tena, akasimama akiwa hana miguu, na polisi wakaingilia kati. McIntosh akampa Johnson ushindi. Na kuna jambo ambalo kila nikilisimulia linanigusa upya: pambano lilikuwa linapigwa picha za sinema, na kamera zikazimwa pale pale mwishoni, ili dunia isimwone bingwa mweupe akimalizwa na mtu mweusi. Fikirini hofu iliyokuwepo. Mtu ameshashinda, maelfu wameona, na bado wanahangaika kuificha sekunde ile.

Hoja kubwa dhidi yangu ni umbo la Burns. Alikuwa mfupi, sentimita 170 tu, na Johnson alimzidi uzito kwa zaidi ya kilo 10. Hoja hiyo nzito, siwezi kuipuuza. Lakini Burns huyo huyo alikuwa na miaka 27, alikuwa katikati ya enzi yake, na alikuwa ametetea ubingwa Marekani, Uingereza, Ireland, Ufaransa na huko huko Australia, mara nyingine dhidi ya watu waliomzidi mwili. Alikuwa bingwa aliye kazini.

Jeffries je? Alikuwa hajapigana tangu Agosti 1904. Alitolewa shambani kwa sababu mwandishi Jack London, aliyekuwa Sydney kwa ajili ya gazeti la New York Herald, alimwita hadharani arudi alifute tabasamu la Johnson. Ilibidi apunguze makumi ya kilo. Siku ya pambano alikuwa bado mkubwa kuliko Johnson, kilo 103 kwa 94 hivi, na kwenye kona yake alisimama bingwa wa zamani James Corbett akimtukana Johnson raundi baada ya raundi. Jua la Reno lilikuwa kali mno. Tex Rickard alikuwa promota na mwamuzi, na raundi zilipangwa 45. Katika raundi ya 15 Jeffries, ambaye hakuwahi kuangushwa maishani, akaangushwa mara tatu, watu wake wakaingia ulingoni.

Najua uzito wa siku ile. Vurugu zilizuka katika miji mingi ya Marekani, watu wakauawa, wengi wao weusi, kwa kosa la kushangilia. Mwaka 1912 Bunge la Marekani likapiga marufuku kusafirisha filamu za ngumi kutoka jimbo moja hadi jingine. Reno iliitikisa nchi kuliko Sydney, hilo halina ubishi. Lakini tunapima ushindi wa bondia, na aliyekuwa mbele yake alikuwa mstaafu. Jeffries mwenyewe alikiri baadaye kwamba hata katika ubora wake asingemweza Johnson. Wanaotetea Reno huitumia kauli hiyo. Kwangu inasema Reno haikuongeza kitu ambacho Sydney haikuwa imeshakithibitisha: bingwa wa dunia alikuwa Johnson, tangu 1908.

Sehemu moja ya habari hii inaniuma. Akiwa bingwa, Johnson hakumpa Sam Langford nafasi, wala Joe Jeannette, wala Sam McVey, mabondia weusi wa daraja la kwanza. Johnson alikuwa amempiga Langford mwaka 1906, kwa pointi, Langford akiwa mdogo sana kwa mwili. Baadaye akakomaa akawa hatari. Johnson aliona fedha ziko kwa wapinzani weupe, akamwacha Langford azeeke akisubiri. Ningependa sana kuwa na pambano hilo kwenye orodha. Kama lingefanyika mwaka 1910 au 1911 na Johnson akashinda, ningeliweka juu ya Sydney bila kusita.

Halikufanyika. Basi kwa mapambano tuliyonayo, naiweka Sydney ya kwanza, Reno ya pili. Anayesimamia Reno, kipaza sauti kiko pale mbele.