Mui au Shela: Bibi Alale Wapi?

ZULFA: Asalaam aleikum wasikilizaji. Leo tumekaa darini kwetu, mtaa wa Mkomani mjini Lamu, kwa hivyo mkisikia mlio wa ajabu katikati ya mazungumzo, mitambo iko salama. Ni punda. Shemeji, karibu.

BAKARI: Wa aleikum salaam. Nishakaribia zamani, kahawa hii ya pili.

ZULFA: Tumepata swali la dada mmoja wa Nakuru. Anakuja Disemba, yeye na mumewe, watoto wawili na mama mkwe. Usiku tano. Anauliza walale Shela, kijiji cha ufuoni kisiwani humu humu, au mjini Lamu. Mjini ndiko sisi tunakoita Mui. Mgeni akiambiwa pita Usita wa Mui, ajue ndiyo njia kuu, lakini asitarajie barabara. Punda wawili wa mizigo wakipishana, wewe unajibanza kwenye daka la mtu, kile kibaraza cha mlangoni.

BAKARI: Jibu langu fupi. Shela. Watoto wawili, likizo ya Disemba, utawaleta waje kutazama kuta? Ufuo wa Shela unakwenda kama kilomita 12, mchanga mtupu na vilima vyake. Mui hakuna pa kuogea. Mbele pale ni boti, kamba na mafuta ya mota.

ZULFA: Watoto wetu wanajirusha gatini kila jioni, na wamekua.

BAKARI: Watoto wenu wamezaliwa na mapezi! Wa Nakuru je?

ZULFA: Haya, hapo nakupa. Lakini ujumbe umeusoma mpaka mwisho? "Mama ana shida ya magoti."

BAKARI: Ah. Hapo sikufika.

ZULFA: Najua. Sasa mimi naanzia hapo, kwa sababu watoto utawalaza popote, lakini bibi akikaa vibaya, safari nzima imekaa vibaya.

BAKARI: Basi ndiyo Shela hasa. Mama anakaa barazani kwake, anatazama kisiwa cha Manda ng'ambo, majahazi yanapita.

ZULFA: Na kufika hapo barazani? Wakija kwa ndege, uwanja uko Manda, lazima boti. Wakija kwa basi, mwisho wa safari Mokowe, huko bara, lazima boti. Boti za abiria za Mokowe zinashusha Mui. Sasa huyu mama katoka Mombasa, kapita Garsen na Witu, kashuka Mokowe, kapanda boti, kashuka gatini, kisha umwambie bado, kuna boti nyingine ya Shela? Na mara nyingine Shela unashushwa mchangani, suruali umekunja hadi magotini.

BAKARI: Ngazi za gati nazo si za kuchezea. Maji yakipwa, zile za chini zina ukungu wa kijani, zinateleza kama samaki.

ZULFA: Kweli. Ndiyo nasema wauangalie mwezi kabla ya kukata tiketi. Mwandamo na mpevu ndiyo siku za bamvua, maji yanajaa sana na yanapwa sana. Wakifika maji yamejaa, boti inalingana na gati, mama anakanyaga tu na kupita. Hakuna hoteli itakayomwambia hilo.

BAKARI: Bamvua usinitajie.

ZULFA: Wahadithie.

BAKARI: Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, naishi Shela kwa wakwe. Natumwa Mui kuchukua halua, kilo mbili, ndani ya katoni. Nikakaa barazani na nyinyi, soga, kahawa, mpaka boti za kuchangia zimekwisha. Kukodi peke yangu nikaona ni ghali. Ni kilomita 3 tu, nikasema natembea. Nafika katikati ya njia, maji yashakuja mpaka ukutani. Viatu mkononi, katoni kichwani. Wimbi likapiga ukuta, likarudi, likaniosha. Katoni ikalegea chini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nilifika kwa mama mkwe nimekumbatia halua kifuani, ina ladha ya chumvi.

ZULFA: Mpaka leo akikuona anauliza, "Leo umeitia chumvi?" Lakini usione haya. Maji ya Shela yamekwamisha jeshi zima, sembuse halua. Mwanzoni mwa karne ya 19 watu wa kisiwa cha Pate na ukoo wa Mazrui wa Mombasa walikuja kuipiga Lamu, wakashukia Shela. Wakashindwa, wakakimbilia vyombo vyao, kumbe maji yamekupwa, vyombo vimekaa juu ya mchanga. Wengi waliuliwa hapo hapo ufuoni. Ngome yetu ya Mui ujenzi wake ulimalizika mwaka 1821, baada ya vita hivyo.

BAKARI: Mimi nimezoea Malindi. Ukilala Watamu ukaichoka, unapanda matatu mpaka mjini na unarudi. Hapa ulipolala ndipo ulipo. Ikishaingia maghrib, boti inakuwa ya kukodi, na unapatana na nahodha kabla mguu haujaingia chomboni.

ZULFA: Sasa unaanza kusema maneno yangu. Mtoto akipata homa saa nane ya usiku, hospitali ya kaunti iko upande wetu. Benki pia. Na usiku Mui kuna watu: viazi vya karai, mishkaki, wazee barazani. Huyo bibi jioni ya pili atakuwa ameshajua majina ya jirani.

BAKARI: Shela nako ni kijiji cha watu, shemeji, tusikifanye hoteli. Tuna msikiti wa Ijumaa wa 1829, tuna madrasa, tuna harusi. Na maji ya mifereji yenu yanatoka wapi?

ZULFA: Visima vya chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Chai hii unayokunywa ni ya kwenu, sikatai.

BAKARI: Alhamdulillahi.

ZULFA: Ila nyumba nyingi za mbele pale sasa za watu wa mbali, miezi mingine milango imefungwa. Bibi atamwambia nani hodi?

BAKARI: Hilo linaniuma, lakini ni kweli. Mimi nirudi kwenye magoti. Nyumba za Mui zile ngazi! Jiwe juu ya jiwe, kila kidato kinakufika karibu na goti, na giza. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, nani atakuwekea lifti?

ZULFA: Hapo umenishika. Kwa hivyo asiulize "kuna mandhari ya bahari?" Mandhari iko juu darini siku zote. Aulize: chumba cha chini kipo? Choo kiko ghorofa hiyo hiyo? Ngazi ngapi kutoka mlangoni mpaka kitandani? Mwenye nyumba ahesabu, atume picha ya ngazi, si ya kitanda chenye maua.

BAKARI: Na watoto wangu wa Nakuru?

ZULFA: Asubuhi baba anawachukua, boti mpaka Shela, wanaoga, wanateleza vilimani, wanarudi kabla ya maghrib. Wasiogee mkondoni, pale boti zinapopita, waende mbele ufuo unapofunguka. Na nguo za kuogea ziishie ufuoni, vichochoro vya Shela ni vya watu na heshima zao.

BAKARI: Mimi ningewapa usiku mmoja Shela, wa mwisho. Watoto waamke na bahari.

ZULFA: Kama mama mwenyewe anataka.

BAKARI: Kama mama anataka, naam. Sasa ni saa ngapi? Boti ya kuchangia haitanisubiri.

ZULFA: Nenda, ndoo hiyo hapo mlangoni.

BAKARI: Ndoo ya nini tena?

ZULFA: Halua ya mama mkwe. Nimeitia ndooni, na kifuniko.